Kwa nini mtangazaji anatangazia jikoni? Kupanga spika kwenye sebule iliyopinda

Siku ya mechi ya Simba na Yanga nilikuwa Kimara kwa dada yangu. Shemeji alikuwa ametoka kununua hom thieta Kariakoo wiki ile, boksi kubwa, spika tano na sabufa, na tuliitwa mahsusi kuja kuisikia. Timu zikaingia uwanjani, sauti ikapandishwa, na mtangazaji akaanza kutangaza mechi kutokea jikoni. Picha iko ukutani mbele yetu, maneno yanatoka kushoto kabisa kwenye mlango wa jikoni, kelele za mashabiki zimejazana dirishani upande wa kulia, na besi inaunguruma hadi vikombe vinagongana kabatini.

Hapo kila mtu akawa fundi. Shemeji akasema ameuziwa mzigo mbovu. Jirani akasema spika tano ni chache. Mjomba, ambaye hana hata redio kwake, akasema kosa ni sebule: mtu anajengaje sebule yenye kona kama njia ya panya? Mjomba ndiye aliyekaribia ukweli, ila hakuna aliyeamka kwenda kutazama spika ziko wapi. Spika ya katikati, ile inayobeba maneno ya watu, ilikuwa juu ya friji. Kabati la TV lilikuwa limejaa maua ya plastiki na picha ya harusi, fundi aliyekuja kufunga spika akakosa pa kuiweka.

Sebule ya namna hii Dar ziko nyingi. Kiwanja ni kidogo, kwa hiyo ramani inaunganisha sebule na sehemu ya kulia chakula, inatokea herufi L. Nyumba nyingine zimejengwa kwa awamu: baraza lilizibwa baadaye likawa sehemu ya sebule, nguzo ikabaki katikati kama mgeni aliyekosa kiti. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na hom thieta vinachora chumba cha mstatili kisicho na mlango, kochi moja katikati, mtu mmoja amekaa. Mwenye nyumba akitazama mchoro ule, akatazama sebule yake, anakata tamaa na kuning'iniza spika popote palipo na msumari.

Tuanze na maneno, maana mkanganyiko mwingine unaanzia hapo. Mtaani tukisema "sabufa" tunamaanisha seti nzima ya muziki: lile boksi kubwa na vispika vyake viwili. Katika makala haya sabufa ni lile boksi la besi peke yake. Hom thieta ni mpangilio wa spika kadhaa zinazokuzunguka, kila moja ikipewa sauti yake tofauti. Ile namba ya 5.1 kwenye boksi haina ajabu: tano ni spika za kawaida, moja ni sabufa. Mbele ziko tatu, yaani ya kushoto, ya katikati na ya kulia. Mbili zilizobaki ni za kukuzunguka. Ikiandikwa 7.1, za kukuzunguka zimekuwa nne. Ikiandikwa 5.1.2, zile mbili za mwisho ni za juu, za sauti ya mvua na helikopta. Kwa hiyo namba inakuhesabia spika tu. Ubora hauko humo.

Sasa kiini chenyewe. Spika hazipangwi kwa kufuata kuta. Zinapangwa kwa kufuata kichwa cha anayesikiliza.

Fikiria mafiga. Spika ya kushoto ni figa la kwanza, ya kulia la pili, kichwa chako la tatu. Mafiga yakikaa sawa, sufuria inatulia. Figa moja likisogezwa mbali, sufuria inainama na mchuzi unamwagikia upande mmoja. Hivyo ndivyo sauti inavyofanya. Mafiga nayo hayana habari na umbo la jiko. Unaweza kuyapanga vizuri kwenye kibanda kilichopinda, mradi umbali kati yao ni sahihi. Ndiyo maana sebule ya umbo la L si kosa la jinai.

Kwa nini umbali una nguvu hivyo? Kwenye joto letu la Dar, sauti inasafiri karibu mita 350 kwa sekunde, yaani kila mita inaichukua takriban milisekunde 3 (sekunde moja ukiigawa mara elfu, chukua vipande vitatu). Ni muda mdogo kuliko kupepesa jicho, lakini masikio mawili na ubongo wako yanauona. Sauti ileile ikikufikia kutoka sehemu mbili kwa kupishana milisekunde chache, ubongo haukwambii "nimesikia mbili". Unaipa ushindi iliyotangulia, unasema sauti yote imetoka kule. Mjerumani Helmut Haas aliliandikia jambo hili tasnifu mwaka 1949, na wahandisi wa sauti wanalitumia mpaka leo.

Kwa shemeji, spika ya mbele ya kulia ilikuwa mita 2.1 kutoka anapokaa, ya kushoto mita 3.6. Tofauti ya mita moja na nusu, milisekunde 4 na kidogo. Kila kilichopaswa kusikika katikati ya uwanja kilihamia dirishani. Kuongeza sauti kusingesaidia, kuongeza spika kungezidisha fujo.

Kesho yake nilirudi na futikamba na uzi wa fundi wa kujengea. Kipimo chenyewe ni rahisi mno, karibu nione aibu kukieleza. Unamkalisha mwenye kochi pale anapokaa siku zote, mtu mmoja anashika ncha ya uzi usawa wa sikio lake. Unauvuta hadi spika ya kulia, unapiga fundo. Halafu unauzungusha upande wa kushoto: fundo linapoishia ndipo spika ya kushoto inapotakiwa kuwa, si nusu mita mbele wala nyuma. Sebule ikiwa imepinda, fundo linaweza kuangukia mahali ambapo macho yako yanakwambia ni kombo. Amini uzi.

Baada ya umbali, upana. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika mwongozo wake wa spika tano unaziweka za mbele kwenye pembe ya nyuzi 30 (digrii, si nyuzi za kushonea) kila upande ukipima kutoka kwa msikilizaji. Ukitazama filamu badala ya kusikiliza muziki, hata nyuzi 22 zinatosha. Bila kipimapembe, hesabu ya mtaani ni hii: umbali kati ya spika mbili za mbele uwe sawa na umbali wako hadi kwenye spika, au upungue kidogo. Zikibanana kwenye kabati la TV, spika mbili zinakuwa moja. Zikiachana mno, katikati panatokea shimo.

Sebule ya dada ina mita 4.2 kutoka ukuta wa TV hadi ukuta wa nyuma, na upana wa mita 3.6. Kushoto ukuta umekatika, hapo ndipo unapoingia kwenye meza ya chakula. Tulitenga spika za mbele mita 2.6, kila moja ikibaki nusu mita kutoka mstari wa ukuta wake. Kisha ikaja vita ya kochi. Kochi kubwa lilikuwa limegandana na ukuta wa nyuma, kama makochi yote ya Tanzania, na nilitaka lisogee mbele sentimita 90. Dada akauliza kama nimekuja kupanga redio au kuhamisha nyumba. Tukakubaliana sentimita 60. Pembe ikawa nyuzi 24 kila upande, na uzi ukasoma mita 3.2 kushoto na kulia. Spika ya katikati ikashuka kutoka kwenye friji, picha ya harusi ikapanda ukutani. Tuliiweka ukingoni kabisa mwa rafu, maana ikiingizwa ndani kama mkate kwenye tanuri, sauti inagonga mbao za kabati kabla ya kukufikia. Chini yake kwa mbele nikapachika kipande cha kandambili ili itazame juu kidogo, usawa wa masikio.

Hiyo ya katikati watu wanaidharau kwa sababu ni fupi na haina mbwembwe. Kwenye filamu, sehemu kubwa ya mazungumzo inapita humo. Na kwenye sebule zetu ina kazi ya ziada. Mchoro wa boksi una mtu mmoja; sisi tuna baba kwenye kochi kubwa, wageni kwenye makochi ya pembeni, watoto kwenye zulia. Mafiga yanamfaa mmoja au wawili, wengine wote wako kombo. Aliye kombo anaokolewa na spika ya katikati tu, kwa sababu maneno yanatoka kwenye TV hata akikaa wapi. Fedha ikiwa haba, heri spika tatu nzuri za mbele na sabufa kuliko tano za kubahatisha.

Tuje kwa zile mbili za kukuzunguka, ambako jina lenyewe limetupotosha. Wengi tunaziita "spika za nyuma", basi fundi anazipeleka nyuma, mara nyingi juu kabisa kwenye kona mbili za dari. Mwongozo uleule wa ITU unaziweka kati ya nyuzi 100 na 120 kutoka mbele. Nyuzi 90 ni sikioni mwako moja kwa moja, kwa hiyo tunazungumzia pembeni, nyuma ya sikio kidogo. Kwa mwenye kochi lililoegemea ukuta hii ni habari njema: hahitaji nafasi nyuma yake. Usawa ni juu ya kichwa kidogo, ili aliyekaa karibu nayo asipigwe kelele sikioni.

Lakini kwa shemeji kushoto hapakuwa na ukuta wa kuipachika. Fundi alikuwa ameipeleka ukuta wa mbali, ng'ambo ya meza ya chakula, zaidi ya mita 4, wakati mwenzake wa kulia yuko mita 1.8. Nilizunguka pale kama dakika kumi nikiwaza stendi na watoto wanaokimbia, mpaka nikatazama juu. Ukuta uliondolewa, linta ilibaki. Boriti ile ya zege inayovuka juu ya uwazi iko palepale ambapo ukuta ungekuwa, kwa hiyo ukiipachikia spika na kuiinamisha kidogo, umbali wake unalingana na wa kulia. Waya ukapita juu ya jipsamu, hauonekani. Sebule nyingi za L zina linta hiyo. Kama yako haina, stendi mbili zinazofanana ni bora kuliko moja ukutani na nyingine mbali.

Kuna vyumba ambavyo uzi hautoshi: mlango uko pale fundo linapoangukia, au ukuta wa TV wenyewe una mshazari. Njia ya kwanza ni menyu ya amplifaya. Nyingi zina sehemu ya kuandika umbali wa kila spika; ukiandika kweli yako, mashine inaichelewesha iliyo karibu ili zifike pamoja. Sehemu nyingine ya menyu inasawazisha nguvu kwa mlio unaofanana na mvua juu ya mabati, ukipita spika moja baada ya nyingine. Simu yenye programu ya kupima ukubwa wa sauti (desibeli) inatosha hapo, kwa kuwa unalinganisha tu. Njia ya pili ni kuihamishia TV kwenye kona, ikitazama chumba mshazari. Wengi hawaipendi kwa macho, ila kona ina kuta mbili zinazofanana kushoto na kulia, jambo ambalo ukuta uliokatika hauwezi kukupa.

Halafu besi. Hapa ndipo penye uchawi mwingi kuliko pote.

Jaza maji beseni, lishike kingo mbili, liyumbishe taratibu. Utaona maji yanapanda na kushuka kwenye kingo, huku katikati hayabadiliki sana. Besi chumbani inafanya hivyohivyo. Wimbi la mlio mwembamba lina sentimita chache tu, lakini la besi nzito lina mita nane au tisa, refu kuliko sebule. Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na linalokuja. Kwa chumba cha mita 4.2, mlio wa hezi 41 hivi (mitetemo 41 kwa sekunde) unavimba kwenye kuta na kufifia katikati ya urefu wake. Kwa hiyo aliyegandana na ukuta anasikia besi ya kutisha, aliye katikati kabisa anauliza kama sabufa imewashwa. Seti ni moja, wimbo ni mmoja. Ndiyo sababu nyingine ya kugombania zile sentimita 60.

Utasikia watu wakisema chumba kisicho na pembe sawa hakina tatizo hili. Mwaga maji kwenye beseni lililopinda uone: yanacheza vilevile, tofauti ni kwamba hujui yatapanda wapi. Na sabufa haitambui kwamba sebule imeishia kwenye kochi. Inajaza na sehemu ya chakula, na korido kama mlango uko wazi. Ya dada, ukijumlisha mikono yote miwili ya L kwa kimo cha mita 2.9, ni mita za ujazo zaidi ya 60. Sabufa ndogo inayotosha chumba cha kulala itachoka humo.

Kwa kuwa huwezi kukisia, kuna njia ya kutambaa. Ondoa sabufa, iweke juu ya kochi pale unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayotembea, si ya kugonga mahali pamoja. Kisha piga magoti na utambae kandokando ya kuta, sikio chini usawa wa sabufa. Kuna mahali besi itakuwa uji, mahali itakuwa imekufa, na mahali ambapo kila noti inasikika peke yake. Hapo ndipo iwekwe, kwa sababu njia ya sauti kutoka kochi hadi mahali hapo ndiyo ileile kutoka mahali hapo hadi kochi. Nilikuwa natambaa kwenye tailizi za Kimara, makalio juu, mama mkwe wa dada alipoingia na kuniuliza kwa upole kama nimedondosha hela.

Mahali tulipopata hapakuwa nyuma ya TV ambako fundi aliiweka sabufa. Palikuwa kwenye ukuta wa dirisha, theluthi moja hivi kutoka mbele. Kuiweka pembeni si kosa: chini ya hezi 80 hivi sikio halijui vizuri mlio unatoka wapi, hivyo sabufa haina lazima ya kuwa mbele. Huwezi kufanya hivyo kwa spika nyingine yoyote.

Jambo moja la waya, maana lilitupotezea saa nzima. Baada ya kupanga kila kitu, besi ya mbele ilikuwa nyembamba na sauti ya katikati haijulikani ilipo. Ukizima spika moja, besi inarudi. Nikafungua nyuma ya ile ya kushoto: waya mwekundu kwenye tundu jeusi. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa wakati mwenzake inavuta, zinafutana. Kabla hujamlaumu mtu, kagua rangi.

Mwangwi nao ni wetu. Tailizi chini, saruji ubavuni, jipsamu juu, kioo dirishani: piga kofi moja usikie linavyolia. Zulia kubwa kati ya kochi na TV na pazia zito lililokunjwa vinafanya kazi ya maana. Kwa ukuta wa pembeni, mtu apitishe kioo kidogo ukutani wewe ukiwa umekaa. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inapodunda, weka rafu ya vitabu au pazia. Trei za mayai acha. Hazigusi besi, na zikishika moto zinawaka vizuri sana. Na kunyonya mwangwi ndani si sawa na kuzuia sauti isitoke: sponji ukutani haimsaidii jirani hata kidogo, besi inapita kwenye tofali. Na kelele zikimfikia jirani, Tanzania kuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015.

Zile wati 12,000 PMPO kwenye boksi (namba ya kilele cha kufumba na kufumbua, ya kuuzia tu) zisikusumbue. Geuza mashine utazame kibandiko cha nyuma kinachosema inakula umeme kiasi gani. Ikiandikwa wati 120, haiwezi kutoa zaidi ya hizo mfululizo. Namba ya kulinganisha dukani ni ya RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo.

Mechi iliyofuata nilikuwepo tena. Mtangazaji alikuwa kwenye TV. Mashabiki walikuwa pande zote. Kiti cha dirishani bado kina besi nzito kupita kiasi, hatukupata dawa yake, na sasa ndicho anachokalishwa mjomba.